Kanitangaze au si yeye? Maswali ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wakulima wa nyanya wa Iringa na Mbeya, na karibu zote zinamhusu kanitangaze, nondo mmoja mdogo wa kuchimba majani. Tumezichapisha pamoja na mbili za viazi na kahawa, kwa sababu nondo wa mazao hayo huchanganywa naye au wana tabia zinazofanana na zake.

Mkulima wa Ilula, Kilolo: Shikamooni wataalamu. Majani ya nyanya zangu yametoka mabaka meupe yanayopitisha nuru, kisha yanakauka na kuwa kahawia. Mwenye duka la pembejeo ameniuzia dawa ya ukungu. Jirani yangu anasema ni kanitangaze. Nitajuaje nani mkweli?

Marahaba. Usinunue kitu kingine kabla hujachuma majani kumi yenye mabaka na kuyakagua, kazi ambayo haizidi robo saa.

Linyanyue jani lielekee jua. Baka la kanitangaze ni chumba kitupu: ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani zimebaki, nyama ya katikati imeliwa. Kwa hiyo nuru inapita, na ndani utaona punje nyeusi za kinyesi zimerundikana upande mmoja. Kama kiwavi bado yumo, utaona kivuli chake kikisogea. Toboa ngozi kwa pini umtoe. Ana kichwa kigumu cha kahawia iliyokolea na jozi tatu za miguu mbele. Akiwa mchanga ana rangi ya maziwa na hafiki milimita 1. Akikomaa hufika milimita 7 hadi 8, mwili wa kijani na mgongo wenye wekundu wa waridi.

Baka la ukungu halipitishi nuru hivyo, na halina ngozi mbili za kutenganisha. Bakajani tangulia huwa na miviringo ndani ya miviringo na ukingo wa njano. Bakajani chelewa hulowesha jani, na asubuhi yenye umande ukiligeuza utaona utando mweupe upande wa chini. Dawa ya ukungu haimgusi kiwavi hata kidogo, hivyo kama ulichoelezea ndicho kilichopo, pesa hiyo imekwenda.

Kuna mshukiwa wa tatu anayewapoteza hata maafisa ugani: inzi mchimba majani. Njia yake ni nyembamba, inazungukazunguka jani kama mwandiko wa mtoto anayejifunza kalamu, na haipanuki ghafla kuwa baka. Ukiitoboa unakuta funza wa njano asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana. Majani yanayozunguka pia huwa na vitone vyeupe vingi, alama za inzi jike alipochoma ili anyonye maji ya jani au atage yai. Inzi huyu hushambulia pia maharage na njegere. Mara nyingi huanza na majani ya chini, wakati kanitangaze hupenda vikonyo vya juu na majani laini, ingawa baadaye hula popote. Hili la mahali usilitegemee peke yake. Tegemea kichwa na miguu.

Sasa ngumu kidogo: nondo wa viazi naye huchimba majani ya nyanya na viazi, na baka lake linafanana mno na la kanitangaze. Hapa utahitaji lenzi ya mkononi ya mara 10. Tazama pingili ya kwanza nyuma ya kichwa cha kiwavi mkubwa. Kanitangaze ana mstari mwembamba mweusi kwenye ukingo wa nyuma wa pingili hiyo, nao umekatika katikati ya mgongo. Wa viazi ana bamba zima jeusi linalofunika sehemu hiyo. Kamera ya simu iliyowekwa nyuma ya lenzi inatosha kupiga picha ya kumtumia bwana shamba, mradi kiwavi awe amelala kifudifudi na picha itoke juu yake, si ubavuni.

Nondo mzima mwenyewe ni wa kijivu chenye mng'ao wa fedha na kahawia, urefu wa milimita 5 hadi 7, mabawa ya mbele yana madoa meusi, papasi ni ndefu kama uzi zenye pete nyeusi na nyeupe. Mchana hujificha kwenye majani. Ukiutikisa mche huruka kidogo na kutua. Lakini usitoe hukumu kwa kumtazama nondo peke yake. Vinondo vya kijivu vya ukubwa huo viko vingi, na hata wataalamu huthibitisha kwa kupasua na kukagua viungo vya uzazi vya dume kwenye hadubini. Shambani, zao, baka na kiwavi vikikubaliana, inatosha.

Kwa wanaotafuta maandiko zaidi: jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Tuta absoluta, lakini tangu 2021 amehamishiwa kwenye jenasi ya nondo wa viazi, hivyo machapisho mapya humwandika Phthorimaea absoluta. Ni mdudu yuleyule. Alielezwa mara ya kwanza na Mwingereza Edward Meyrick mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru, akaingia Hispania 2006, Afrika Kaskazini 2008, na Tanzania alithibitishwa 2014, akianzia kaskazini ya nchi.

Msomaji wa Uyole, Mbeya: Kaka yangu analima nyanya Ruaha Mbuyuni, anapiga dawa kila wiki na bado majani yanateketea. Mimi huku Uyole mwezi wa Juni na Julai namwona mdudu huyu kwa nadra. Je, baridi inamuua? Na mzunguko wake wa maisha ni siku ngapi hasa? Kila mtu ananiambia namba yake.

Kila mtu anakuambia namba yake kwa sababu namba inafuata joto. Vipimo vilivyofanyika Chile na kuchapishwa 1998 vilionyesha kwamba tangu yai hadi nondo mzima ni siku 76 joto likiwa nyuzi 14 za sentigredi, siku 40 likikaribia nyuzi 20, na siku 24 likiwa nyuzi 27. Hizo ni wastani wa usiku na mchana kwa pamoja, si joto la saa nane mchana.

Chukua shamba la nyanya linalokaa miezi minne. Kwenye nyuzi 27 vizazi vitano vinaweza kupita humo. Kwenye nyuzi 20 ni vitatu. Kwenye nyuzi 14 hata viwili havitimii. Kaka yako aliye chini bondeni na wewe uliye juu mnapambana na mdudu mmoja lakini kwa kalenda mbili, na ratiba ya dawa ya mmoja haimfai mwingine. Hili ndilo linalosahaulika zaidi, na makosa mengi tunayoyajibu hapa chini yanatokana nalo.

Baridi ya Uyole haimuui, inamchelewesha. Maadamu majani yapo, kiwavi anaendelea kula polepole, kwani hana usingizi wa msimu. Ndiyo maana Septemba joto likipanda unaona kama amezuka kutoka hewani. Alikuwapo kwenye mnavu wa pembezoni, kwenye nyanya zilizojiotea, na kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya jirani.

Mzunguko wenyewe, ukichukua joto la nyuzi 25 hivi, unakwenda namna hii. Jike hutaga yai mojamoja, hasa upande wa chini wa jani na kwenye vikonyo. Yai ni la mviringo mrefu, rangi ya maziwa kuelekea njano, urefu wa theluthi moja tu ya milimita, hivyo bila lenzi huoni kitu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na sehemu kubwa huyataga ndani ya wiki moja baada ya kupandwa na dume. Yai huanguliwa siku ya nne au ya tano. Kiwavi hutembea juu ya jani dakika chache, kisha hujichimbia. Hizo dakika ndizo pekee anazokuwa wazi kabisa akiwa mdogo.

Ndani ya jani hupitia hatua nne, akijivua ngozi kati ya hatua na hatua, kwa siku 11 hadi 15. Sio kwamba amejifungia moja kwa moja. Kati ya hatua anaweza kutoka na kuhamia jani jingine au kuingia tunda, na hapo tena anaguswa na dawa. Akishiba hujishusha kwa uzi wa hariri hadi ardhini, akageuka pupa ya kahawia (hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo) kwenye udongo wa juu. Wengine hubaki ndani ya jani lililokauka au chini ya kikonyo cha tunda. Pupa hukaa siku 7 hadi 10. Nondo jike huishi siku 10 hadi 15, dume kama wiki moja.

Kwa hiyo siku unapopiga dawa, shamba lina mayai, viwavi, pupa na nondo kwa wakati mmoja. Dawa iliyoua viwavi wote leo haikugusa pupa wa udongoni. Wiki ijayo utaona nondo wapya, useme dawa ilikuwa feki. Huenda haikuwa feki.

Mkulima wa Inyala, Mbeya Vijijini: Nimebadilisha dawa tatu msimu huu, kila moja kutoka kampuni tofauti. Hakuna iliyosaidia. Nimewatumia picha za chupa.

Majina ya chupa hatutayachapisha, ila tumesoma lebo. Mbili kati ya tatu zina kiini (kemikali inayoua) kilekile, lambda-cyhalothrin, na ya tatu ni profenofos. Kwa maneno mengine umebadilisha karatasi ya nje, dawa ikabaki karibu ileile. Kanitangaze alishajenga usugu kwa makundi hayo mawili ya zamani katika nchi nyingi, na hata pasipo usugu, dawa ya kugusa inayobaki juu ya jani haimpati aliye katikati ya ngozi mbili. Zaidi ya hapo umewaua nyigu wadogo na kunguni wanaokula mayai waliokuwa wakikusaidia bure.

Soma maandishi madogo ya kiini, si jina kubwa la mbele. Viini vinavyoeleweka kwa mdudu huyu, pamoja na namba za makundi yao kwa jinsi vinavyoua, ni kama chlorantraniliprole (kundi 28), spinosad (kundi 5), emamectin benzoate na abamectin (zote kundi 6), na indoxacarb (kundi 22A). Bakteria wa Bacillus thuringiensis na azadirachtin ya mwarobaini husaidia dhidi ya viwavi wadogo, lakini shamba likiwa limeshachakaa usizitegemee peke yake. Hakikisha lebo ina namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) na zao lako limetajwa humo.

Sasa ubadilishaji. Wengi hupiga kundi moja wiki hii na jingine wiki ijayo, wakidhani wanachanganya vizuri. Kumbuka kizazi kimoja kina wiki tatu, nne au zaidi: ukifanya hivyo kizazi kilekile kinaonja makundi yote, na watakaosalia watakuwa sugu kwa yote. Tumia kundi moja kwa kipindi cha kizazi kimoja, yaani siku 30 hivi maeneo ya joto na karibu 40 kwenu juu, kwa idadi ya mipulizo ambayo lebo inaruhusu. Kisha liache kabisa, ingia kundi lingine kwa kizazi kinachofuata. Tahadhari: hata chlorantraniliprole imeshapata usugu Ulaya na Brazili, kwa hiyo usiing'ang'anie kwa kuwa mwaka jana ilifanya ajabu.

Upulizaji nao una dosari zake. Nyanya zilizokomaa na kufungwa kwenye vijiti huhitaji takribani lita 200 za maji kwa eka, yaani mabomba 12 au 13 ya lita 16. Anayemaliza eka kwa mabomba 5 amelowesha majani ya nje tu. Elekeza pua ya bomba chini kwenda juu, mayai yako huko. Piga jioni: abamectin, emamectin, spinosad na bakteria huharibiwa haraka na jua, na nondo huamka giza likiingia. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe hata kama gari la Dar es Salaam limeshafika barabarani.

Mama mkulima wa Mbalizi: Nimeuziwa kimpira cha mtego, kile chenye harufu ya kuvuta nondo, bila mtego wenyewe. Naweza kutengeneza?

Unaweza, mama, na wa beseni unafaa kuliko wa gundi mahali penye vumbi. Tafuta beseni la plastiki lenye kina cha sentimita 10 au zaidi. Jaza maji hadi yabaki sentimita 3 kufika ukingoni. Weka nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ili nondo azame badala ya kuelea, na kijiko kimoja cha mafuta ya kula ili maji yasikauke haraka. Pitisha waya juu ya beseni, ning'iniza kimpira katikati, sentimita 2 au 3 juu ya maji. Kisilowe.

Kimpira usikishike kwa mkono mtupu, hasa kama umeshika cha mdudu mwingine. Visivyotumika vikae kwenye friji, vimefungwa. Kibadilishe kila baada ya wiki 4 hadi 6 kwa kufuata maelezo ya pakiti. Penye joto kali kinaisha mapema. Cha zamani kiondoe shambani, la sivyo kitawavuta nondo mbali na beseni.

Beseni likae chini au juu ya kitu kisichozidi sentimita 40, kwani nondo huyu huruka karibu na mimea. Liweke wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza. Kwa kupeleleza tu, mtego mmoja kwa eka unatosha: hesabu kila wiki, andika, mwaga, weka maji mapya. Kwa kunasa wengi ili kupunguza idadi, ni mitego 8 hadi 16 kwa eka.

Na usishangae beseni likijaa huku majani yakiendelea kuliwa. Harufu ile ni ya jike, inavuta madume pekee. Dume mmoja aliyebaki huwapanda majike kadhaa, na majike kutoka shamba la jirani huja wakiwa wameshapandwa. Mtego ni wa kukuambia lini uanze kukagua majani kwa bidii. Anayeutaka uwe dawa kamili, atalaumu bure.

Mkulima wa viazi, Makete: Viazi vyangu ghalani vina vijitundu na unga mweusi kwenye macho. Ni kanitangaze?

Si yeye. Kanitangaze kwenye viazi hula majani. Anayeingia kwenye kiazi ni nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, yule mwenye bamba jeusi tulilolitaja. Huanzia shambani: udongo wa tuta ukipasuka au kiazi kikichungulia, hutaga hapo. Pandishia udongo mara mbili, ziba nyufa, usiache viazi ardhini muda mrefu baada ya majani kufa. Siku ya kuvuna usifunike lundo kwa mashina ya viazi. Viwavi huhama toka shina linalonyauka na kuingia kiazini, na hapo umewabeba mwenyewe hadi ghalani. Chambua vilivyotobolewa kabla ya kuhifadhi. Majani makavu ya lantana yaliyotandazwa kati ya tabaka za viazi hupunguza kutaga.

Mkulima wa kahawa, Mbozi: Majani ya kahawa yana mabaka ya kahawia juu. Nimewahi kupiga dawa kali, mwaka uliofuata yakazidi.

Likunje jani penye baka. Ngozi ya juu ikipasuka na ndani wakawamo viwavi weupe waliobapa, ni nondo wa kahawa wa jenasi Leucoptera. Kwetu wapo zaidi ya mmoja. Leucoptera meyricki, aliyepewa jina kwa heshima ya Meyrick yuleyule wa kanitangaze, hutawanya mayai juu ya jani. Leucoptera caffeina huyapanga safu kando ya mshipa mkuu. Nondo wenyewe ni weupe, wadogo sana, milimita 3 tu. Pupa utamkuta upande wa chini wa jani au kwenye majani yaliyoanguka, chini ya nyuzi nyeupe za hariri.

Kuzidi kwake baada ya dawa kali ni jambo linalojulikana kahawani. Viwavi hawa wana nyigu wadogo wanaowatagia mayai ndani. Dawa ya kuua kila kitu huwamaliza nyigu, huku viwavi walio ndani ya jani wengi wakisalimika. Kabla hujapiga tena, fungua mabaka 20 kutoka miti tofauti. Ukikuta wengi wamekufa, au mahali pa kiwavi pana pupa mdogo mweusi wa nyigu, acha bomba ndani. Ukikuta wengi wako hai na majani machanga yanaendelea kuchimbwa, chagua dawa inayopenya jani, si ya kugusa.

Dalali wa nyanya, Ilula: Nyanya zilizotobolewa tunazitupa kando ya barabara. Wakulima wanatulaumu. Zina madhara kweli?

Zina. Kanitangaze hutoboa tunda hasa karibu na kikonyo, tundu dogo kama la pini, na ukiinua kikonyo unakuta kinyesi chini yake. Ukiona tundu pana na kiwavi mnene wa sentimita 3 au 4, huyo ni funza wa vitumba, habari nyingine. Kiwavi wa kanitangaze aliye ndani ya nyanya iliyotupwa humaliza kula humo humo, hushuka udongoni, na baada ya siku chache nondo anaelekea shamba lililo karibu.

Zifungeni kwenye mfuko wa plastiki mnene usio na tundu, mfuko ukae juani wiki kadhaa, au mzifukie shimo la nusu mita na kushindilia udongo. Kumwagia ng'ombe ni sawa kama zitaliwa zote siku hiyo hiyo. Matenga nayo hubeba pupa kwenye viungio vya mbao, na hivyo ndivyo mdudu anavyopanda lori kutoka wilaya hadi wilaya: yasuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, yaanikwe juani kabla hayajarudi shambani. Shamba lililokwisha kuvunwa ling'olewe wiki hiyo hiyo, pamoja na mnavu na ngogwe zilizojiotea, na nyanya zisirudi hapo kabla ya wiki 6. Mahindi yakae katikati.